Boriti Zitatoka Wapi?

SWALI

Mshauri,

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama na vijana tunaopanda na kulinda mikoko katika kijiji kimoja cha Kaunti ya Lamu. Tulianza na miche michache, sasa tuna kitalu na watu wanatujua. Miezi michache iliyopita alitujia mgeni wa kampuni fulani, akasema mikoko yetu inaweza kutuletea fedha za kaboni bila kukatwa hata mti mmoja. Ametuachia mkataba wa miaka 30, kurasa tele, wote kwa Kiingereza. Anataka mwenyekiti, mweka hazina na mimi tutie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

Nyumbani hakukaliki. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu Mombasa, ameniambia: "Shangazi, mkitia sahihi mnawauzia Wazungu ruhusa ya kuendelea kuchoma makaa ya mawe. Moshi haupungui, unahama tu." Shemeji yangu naye, mdogo wa mume wangu, hukata boriti za mikoko kwa leseni tangu ujana wake. Habari za Ulaya hazimshughulishi. Anauliza atawalisha nini watoto. Mume wangu yuko katikati na amenyamaza.

Naomba unieleze kwa lugha nyepesi. Hii biashara ya kaboni inapunguza moshi kweli huko inakofanywa, au ni kama anavyosema kijana? Na mimi nitie sahihi au nisitie?

Katibu, Lamu

JIBU

Bi Katibu,

Nianze na swali lako la mwisho: usitie sahihi mwezi huu. Mkataba utakaowafunga hadi wajukuu, mkapewa majuma machache kuusoma, tena kwa lugha ambayo wengi wa kikundi hawaisomi, haufai kutiwa sahihi hata kama mradi wenyewe ni wa heri. Lakini usiuchane pia. Kijana wako amesema neno zito, lina kweli na lina kosa ndani yake, na inafaa uvijue vyote viwili kabla hujakaa tena na huyo mgeni.

Kosa lake ni kuchanganya masoko mawili yanayoitwa kwa jina moja.

Soko la kwanza lina kikomo cha sheria. Serikali huamua kwamba mitambo ya umeme na viwanda vya eneo lake vitatoa tani kadhaa za hewa ukaa mwaka huu na si zaidi. Hutoa vibali kwa hesabu hiyo, kibali kimoja kwa tani moja. Kila mwenye kiwanda lazima arudishe serikalini vibali vinavyolingana na moshi alioutoa. Aliyepunguza hubaki na ziada akaiuza, aliyepitiliza hununua kwa mwenzake au hulipa faini. Kila mwaka kikomo hushushwa. Watu husifu sana ule ununuzi na uuzaji, lakini mimi naamini kazi yote hufanywa na kikomo. Kikilegea, kinachobaki ni watu kupeana karatasi.

Soko la pili ndilo la mgeni wenu. Humo mtu hulinda msitu, hupimiwa tani ambazo zingepanda angani kama asingeulinda, hupewa hati kwa kila tani, na kampuni au mtu wa mbali huzinunua kwa hiari yake. Hakuna sheria inayomlazimisha mnunuzi, na wala hakuna kikomo juu ya kichwa chake.

Sasa tazama soko la kikomo limefanya nini, maana hapo ndipo kijana ameuliza swali la maana. Umoja wa Ulaya ulifungua la kwake mwaka 2005. Mwanzo ulikuwa mbaya. Vibali vilitolewa vingi kupita moshi wenyewe, karibu vyote bure, na kufikia 2007 bei yake ilikuwa karibu na sifuri. Ukaja msukosuko wa fedha wa 2008, viwanda vikapunguza kazi kwa kukosa wateja, na vibali vya ziada vikarundikana hata vikapita bilioni 2 kufikia 2013. Kwa miaka yote hiyo mwenye mtambo wa makaa ya mawe hakuwa na sababu ya kujali. Baadaye walibana: kikomo kikashuka kwa kasi zaidi, na kuanzia 2019 ziada ikawa inaondolewa sokoni na kuwekwa akibani. Februari 2023 bei ya kibali kimoja ilipita euro 100 kwa mara ya kwanza. Mwaka huo moshi wa mitambo na viwanda vilivyo chini ya kikomo ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 47 ukilinganisha na 2005.

Kwa hiyo, kusema kwamba moshi haupungui hata kidogo si kweli. Umepungua, na sana. Lakini ukiichungulia hiyo asilimia utaona sehemu kubwa imetoka kwenye umeme, ambako upepo, jua na gesi vilichukua nafasi ya makaa. Viwanda vya chuma, saruji na kemikali vilipunguza kidogo mno, kwa kuwa viliendelea kupewa vibali vya bure kwa hofu kwamba vikibanwa vitahamia nchi zisizo na kikomo.

Hofu hiyo ndiyo ile ile ya mtoto wa kaka yako, na ushahidi wake upo. Majimbo 10 ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, New York, Massachusetts na Maryland yakiwemo, yalianzisha mwaka 2009 soko la pamoja la mitambo ya umeme linalojulikana kwa herufi RGGI. Jirani yao mkubwa, Pennsylvania, alikuwa nje. Sasa umeme hausimami mpakani kuonyesha pasipoti. Nyaya za Maryland, Pennsylvania na Ohio zimeunganishwa, na mnunuzi huchukua ulio nafuu. Watafiti waliofuatilia mitambo hiyo walikuta makaa yamepungua ndani ya majimbo yenye kikomo, huku mitambo ya gesi ya Pennsylvania na Ohio ikiongeza uzalishaji ili kuziba pengo. Ukizungushia ua shamba moja, mbuzi watakula la jirani. Hata hivyo mtambo wa gesi hutoa karibu nusu ya hewa ukaa ya mtambo wa makaa kwa umeme ule ule, kwa hiyo hesabu ya jumla bado ilishuka. Ila ilishuka kwa kiasi pungufu ya kile ambacho majimbo yale yangejivunia kwa kuangalia upande wao tu wa mpaka.

Uingereza ilikumbana na jambo hilo kwa sura nyingine. Ilipoona bei ya Ulaya imelala, mwaka 2013 ikaanza kutoza tozo yake ya ziada kwa makaa na gesi ya kuzalishia umeme, na tangu 2016 tozo hiyo imekuwa paundi 18 kwa tani. Makaa yaliyokuwa yakitoa karibu asilimia 40 ya umeme wake mwaka 2012 yaliporomoka, na mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ukafungwa tarehe 30 Septemba 2024. Ni ushindi, na sitaki kuupunguza. Lakini kwa miaka mingi ya mporomoko huo Uingereza ilikuwa bado ndani ya soko la Ulaya, na vibali ambavyo mitambo yake haikuvihitaji tena vilibaki sokoni kwa yeyote aliyevitaka, awe Poland au Ujerumani. Moshi uliozimwa Uingereza ungeweza kuwashwa kwingine bila mtu kuvunja sheria. Ndiyo sababu kanuni za Ulaya zilibadilishwa, na tangu 2023 sehemu kubwa ya vibali vilivyorundikana akibani hufutwa kabisa, mtu asiweze kuvitumia.

China ndiyo iliyonifundisha kutazama kikomo chenyewe kimeandikwaje. Ilianza na majaribio katika maeneo saba, Shenzhen ikitangulia mwaka 2013, zikifuata Beijing, Shanghai, Tianjin, Guangdong, Hubei na Chongqing, kila moja na kanuni zake. Julai 2021 ikafungua soko la taifa zima kwa mitambo ya umeme zaidi ya 2,000, yenye moshi unaopita tani bilioni 4 kwa mwaka. Hakuna soko linalosimamia moshi mwingi kuliko hilo. Lakini lilipoanza halikuweka kikomo cha jumla. Kila mtambo ulipewa vibali kulingana na umeme uliozalisha, kwa kipimo cha moshi kwa kila yuniti. Mtambo mchafu unaadhibiwa kwa uchafu wake, nalo ni jambo jema. Ila mkoa ukijenga mitambo mipya iliyo safi kidogo na kuzalisha umeme mwingi zaidi, moshi wa mkoa unaweza kupanda huku vitabu vya soko vikiwa sawasawa. Basi ukisikia nchi imeanzisha soko la kaboni usiishie kufurahi. Uliza kama wamefunga jumla ya moshi au wamefunga kipimo tu.

Kuna hili pia, nalo linaniuma kuliko yote. Hewa ukaa ni ile ile popote itokapo, haijali ni Lamu au Los Angeles. Lakini bomba linaloitoa hutoa pia masizi na gesi chungu, navyo huvutwa na walio karibu. California ilianza soko lake mwaka 2013. Uchunguzi uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba katika miaka ya mwanzo zaidi ya nusu ya viwanda vilivyochunguzwa vilitoa gesi joto nyingi kuliko kabla ya soko, ingawa jimbo kwa jumla lilikuwa ndani ya kikomo chake. Majirani wa viwanda hivyo wengi ni maskini, kama wale wanaoishi kando ya mitambo ya kusafishia mafuta ya Richmond na Wilmington. Watafiti wengine waliokuja baadaye, kwa hesabu za namna nyingine, walikuta tofauti ya hewa chafu kati ya mitaa ya maskini na mingine imepungua baada ya soko kuanza, na ubishi haujaisha. Mimi nasema hivi: soko linalompa mwenye kiwanda hiari ya kununua badala ya kupunguza halina namna ya kujua nani anakohoa. Kwa hilo inahitajika sheria nyingine ya hewa ya mtaani, na California yenyewe ililazimika kuitunga mwaka 2017.

Nimekwenda mbali, Bi Katibu, kwa sababu wewe uliuliza kweli, na kijana wako anastahili jibu lililoshiba. Sasa nirudi kwa mikoko yenu.

Alisema mnawauzia Wazungu ruhusa ya kuchoma makaa. Katika soko la kikomo la Ulaya hilo haliwezekani, maana soko hilo halijawahi kupokea hati za misitu tangu lilipoanza, na tangu 2021 halipokei hati yoyote ya nje. Mtambo wa Ujerumani hauwezi kupeleka mikoko ya Lamu badala ya kibali. Na tazama ukubwa wa mambo. Mradi unaojulikana kuliko yote pwani yetu, Mikoko Pamoja wa Ghuba ya Gazi kule Kwale, unalinda hekta 117 na kuuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mitambo na viwanda vya Ulaya hutoa karibu tani bilioni 1. Hakuna mikoko ya kutosha pwani yote ya Afrika Mashariki kuwa ruhusa ya moshi huo, wala kuwa dawa yake.

Lakini msimkemee kwa shaka yake. Zamani soko la Ulaya lilipokea hati za miradi ya nchi zinazoendelea, na yaliyotokea yalikuwa aibu. Viwanda vichache vya China na India vilivyotengeneza gesi ya majokofu vilikuwa na taka yake, gesi ya HFC-23, ambayo hupasha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa ukaa kwa uzito ule ule. Kuiteketeza ni kazi rahisi na ya gharama ndogo, na kila tani iliyoteketezwa ilileta hati kwa maelfu. Ikawa taka ina faida kuliko bidhaa, na baadhi ya viwanda vikaonekana kuzalisha taka nyingi ili vilipwe kwa kuiteketeza. Ulaya ilizipiga marufuku hati hizo kuanzia Mei 2013, baada ya mamilioni kwa mamilioni kuwa yamekwisha kutumika mahali pa kupunguza moshi wa kwao wenyewe. Kwa hiyo kijana anakumbuka jambo lililotokea. Amekosea soko na amekosea mwaka tu.

Hati zenu, mkizipata, zitanunuliwa kwa hiari. Mnunuzi anaweza kuwa mtu mwema aliyekwisha kupunguza moshi wake na anataka kuchangia. Anaweza pia kuwa kampuni isiyopunguza chochote, inayotaka kuandika kwenye tangazo lake kwamba haina deni na mbingu. Hapo maneno ya kijana yanasimama. Na hapo pia mna uwezo mnaodhani hamna: mnaweza kudai iandikwe katika mkataba kwamba kikundi kitaambiwa hati zimeuzwa kwa nani na kwa bei gani, na kwamba mna haki ya kumkataa mnunuzi. Miradi midogo inayoheshimika huchagua wateja wake. Hati za Gazi huuzwa kupitia shirika la hisani lililoko Uskoti, chini ya kanuni za Plan Vivo, na zimewaletea wanakijiji zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka, zilizokwenda kwenye maji, shule na upandaji. Mgeni wenu akiwaahidi mamilioni mengi kwa hekta chache, mwekeeni hesabu ya Gazi mezani aeleze tofauti inatoka wapi.

Swali kubwa, hata hivyo, analo shemeji yako, ingawa mwenyewe hajui kwamba ndilo swali la Maryland na Pennsylvania. Mkiufunga mkondo wenu wa mikoko, boriti zitatoka wapi?

Nyumba hazitaacha kujengwa Lamu. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo zina wanunuzi tangu enzi majahazi yalipozibeba hadi Arabuni, na hata baada ya serikali kupiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982 soko la humu nchini halikufa. Mkataji akifukuzwa kwenu atasogeza mtumbwi hadi mkondo wa kijiji kingine, na tani mtakazouza zitakuwa zimekatwa huko, na mtu wa mbali atakuwa amelipia moshi uliohama. Au mwenye nyumba ataacha boriti, anunue saruji na nondo, ambazo zimepita kwenye tanuri la kuchomwa kwa mafuta au makaa, kaunti nyingine kabisa. Ukipima mkondo wenu peke yake utaona ushindi. Ukipima kaunti nzima na tanuri la saruji, huenda usiuone.

Gazi walilijua hilo mapema. Pamoja na kulinda mikoko walipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni. Nawapenda kwa jambo hilo kuliko kwa tuzo zao, maana wengi huona aibu kukubali kwamba mti uliolindwa una mtu aliyeuhitaji. Fungua mkataba wenu utafute ukurasa unaotaja wakataji, shamba la mivinje, au njia yoyote ya kupata miti mbadala, na fedha zake. Usipouona, mradi huo haujui moshi wake unakokwenda, na kijana yuko sahihi kwa asilimia mia.

Tafuta pia ukurasa unaosema nini kingetokea bila mradi. Tani zote huhesabiwa kutoka hapo. Kule Zimbabwe mradi mkubwa wa msitu wa Kariba ulikadiria kwamba miti mingi sana ingekatwa, ukauza hati kwa mamilioni, kisha ikaonekana makadirio yalikuwa makubwa mno. Oktoba 2023 South Pole, kampuni ya Uswisi iliyokuwa ikiziuza, ikajitoa. Wanakijiji hawakuandika yale makadirio, lakini jina la msitu wao ndilo lililochafuka. Ninyi mnajua mkondo wenu umekatwa kiasi gani na lini, na marufuku ya ukataji ya mwaka 2018 mnakumbuka iliwafanyia nini watu wenu. Msikubali kadirio msiloweza kulitetea mbele ya wazee wa kijiji.

Sasa sheria, na hapa nakuomba uwe mkali. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kikundi chenu, kwa wema wake wote, hakimiliki ile miti, na hakiwezi kuuza kaboni yake kwa sahihi tatu. Njia inayopitika ni ile waliyopitia Gazi: chama cha misitu cha jamii, CFA, kinachotambuliwa kisheria, kiwe na makubaliano ya usimamizi na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Nenda ofisi ya KFS Lamu uulize kama CFA ya eneo lenu inayo makubaliano hayo, na kama mgeni amewahi kufika pale. Jibu la swali hilo la pili litakueleza mengi.

Zaidi ya hapo, sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka mradi wa ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwamba jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kanuni zake zilitoka 2024. Soma kwa makini ni gharama zipi kampuni inazitoa kabla ya kuhesabu hiyo asilimia 40, kwa sababu asilimia kubwa ya kitu kilichokwisha kuliwa ni kidogo. Mradi lazima pia uandikishwe katika daftari la taifa, ili hati moja isiuzwe mara mbili, na ili Kenya ijue kama tani hizo zimehesabiwa kwenye ahadi yake yenyewe au zimehamishiwa ahadi ya nchi nyingine. Zikiuzwa kwa nchi nyingine chini ya Mkataba wa Paris, Kenya haiwezi kujihesabia tena. Mtoto wa kaka yako anapaswa kulipenda swali hili, ni la moshi na mipaka tupu.

Na muda. Miaka 30 ni mingi. Gazi walipangiwa 20. Ombeni muda mfupi zaidi, wenye mapitio kila baada ya miaka michache, na njia ya kutoka bila faini ya kuwaangamiza. Mkataba utafsiriwe kwa Kiswahili, na iandikwe kwamba nakala ya Kiswahili ina nguvu sawa na ya Kiingereza. Mwanasheria atakayeusoma asiwe wa kulipwa na kampuni.

Kuhusu nyumba yako. Shemeji asisikie habari za mradi huu kama amri inayotoka jikoni kwa shemeji yake. Mume wako ndiye wa kumwita, wakae ndugu wawili, halafu wewe uje na karatasi. Mwambieni kwamba kamati inamtaka ndani, yeye na wakataji wenzake, kwa kuwa wao ndio wanaojua mikoko minene imebaki wapi, nani anakata usiku bila leseni, na boriti zinauzwa wapi. Kazi ya ulinzi na upimaji wa miti ilipwe, na wakataji wapewe nafasi ya kwanza. Kukata kwa leseni katika sehemu zilizopangwa kunaweza kuendelea upande wa pili wa mkondo, mradi hesabu ya kaboni iseme hivyo waziwazi. Kama kampuni haikubali hata mkataji mmoja mezani, nitawashauri muiache iende zake.

Kijana naye mpe kazi. Asome ule mkataba wote wa Kiingereza, aandike kwa Kiswahili kila kifungu kwa ufupi, na akija likizo asimame mbele ya mkutano wa kijiji auelezee, na shaka zake zote azitaje. Halafu mpeleke na shemeji yako kwenye mtumbwi wakachore pamoja mipaka ya mkondo, sehemu zilizokatwa na zilizopona, na vijiji jirani ambako wakataji wangehamia. Ramani hiyo muwe nayo mkononi mgeni atakaporudi. Akisema hana muda wa kuitazama, mkutano uahirishwe, na kalamu ibaki mkobani mwako.